Jind Kaur: Binti wa Mchunga Mbwa Aliyeongoza Lahore Hadi Mzungu Akakosa Usingizi

Kama umewahi kupiga safari ya Mombasa na gari ikasimama Makindu, lile hekalu la Kalasinga unalijua. Unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa chapo, dengu na chai. Bure kabisa. Hakuna msee anakuuliza we ni kabila gani ama dini gani, na mwanamke hamngojei mwanaume amalize kumanga ndio naye apate.

Huo mlo unaitwa langar, na Masikh wanaupika kwa sababu ya fundisho la zamani sana. Guru Nanak, aliyezaliwa Punjab mwaka wa 1469 na ndiye alianzisha dini yao, alifundisha kwamba mbele ya Mungu watu wote ni sawa. Alipinga waziwazi ile maneno ya kusema mwanamke ni najisi. Guru wa tatu, Amar Das, akaongeza: wanawake waache kujificha nyuma ya pazia, na wajane wasichomwe moto pamoja na maiti ya bwana. Baadaye, mwaka wa 1699, Guru Gobind Singh akaanzisha Khalsa, na kwa jadi ya Masikh ndipo jina la Singh likapewa wanaume na Kaur likapewa wanawake. Maana yake dem hakuhitaji tena jina la babake wala la mumewe ndio ajulikane.

Kwa karatasi iko fiti. Lakini fundisho ni moja na maisha ni mengine, wadau. Leo tunabonga kuhusu mwanamke aliyeishi katikati ya hayo mawili na akalipa bei yake yote: Maharani Jind Kaur.

KUTOKA KWA KIBANDA CHA MBWA HADI IKULU

Jind Kaur alizaliwa mwaka wa 1817 kwa familia ya kawaida, eneo la Gujranwala, ambako leo ni Pakistan. Budake, Manna Singh Aulakh, alikuwa na wera ya kuchunga mbwa wa mfalme. Hiyo si familia ya kutoa malkia.

Mfalme mwenyewe alikuwa Ranjit Singh, yule walimwita Simba wa Punjab. Huyu buda alikuwa ameunganisha sehemu kubwa ya Punjab chini yake, akajenga jeshi moto sana, na Waingereza waliokuwa wamemeza karibu India nzima walimheshimu kiasi cha kutomgusa. Mwaka wa 1835 akamwoa Jind. Msichana alikuwa na miaka kama 18, mzee alikuwa amepita 50, na nyumbani kulikuwa na wake wengine wengi.

Tarehe 6 Septemba 1838 Jind akazaa kijana, Duleep Singh. Mtoi hakuwa hata amefika mwaka mmoja Ranjit Singh alipofariki Juni 1839.

Sasa hapa ndio unaona tofauti ya fundisho na maisha. Magwiji wa dini walikuwa wamekataa sati zaidi ya miaka 200 kabla ya hapo. Lakini kwa mazishi ya Ranjit Singh, mfalme mkubwa zaidi ambaye Masikh wamewahi kupata, wake zake 4 na vijakazi 7 waliungua pamoja naye kwenye moto mmoja. Ikulu ilikuwa imesahau kile Guru alisema.

Jind hakupanda kwa huo moto. Alikuwa na mtoi wa kunyonyesha na miaka 22 tu. Akaishi.

DAMU KILA KONA

Baada ya Simba kuenda, Lahore ikageuka machinjioni. Kijana mkubwa wa mfalme, Kharak Singh, akafa Novemba 1840. Mtoto wake Nau Nihal akatoka kumchoma babake, lango la jengo likamwangukia, naye akaenda. Mjane wa Kharak, Chand Kaur, akashika usukani kwa muda mfupi, akatolewa, na mwaka wa 1842 akauawa. Sher Singh aliyemtoa naye akapigwa risasi Septemba 1843.

Kwa hiyo kiti kikabaki bila mtu, na jeshi likachagua mtoi wa miaka 5: Duleep Singh.

Mtoto wa miaka 5 hawezi kutawala. Mwanzoni waziri Hira Singh alitaka kuendesha mambo yeye mwenyewe na kumsukuma mathe pembeni. Jind akaenda moja kwa moja kwa jeshi. Huko kila kikosi kilikuwa na kamati yake ya wanajeshi, na hao ndio walikuwa wadosi wa kweli wa Lahore. Akabonga nao, wakamsikiza. Kufika mwisho wa 1844 Hira Singh hakuwa hai tena, na mathe ndiye alikuwa anashika nchi kwa niaba ya mwanawe.

Na hakushika kwa kujificha. Alitoka nyuma ya pazia na kuliacha huko. Aliketi barazani mbele ya mawaziri na majenerali, akasikiza kesi, akakagua wanajeshi, akaongeza mishahara yao. Wengine ikuluni walishtuka. Lakini ukifikiria vizuri, huyu alikuwa anafanya kile Guru Amar Das alikuwa ameruhusu kitambo.

Usidhani alikuwa malaika. Nduguye, Jawahar Singh, ndiye alipewa uwaziri, na hiyo ni undugu tu. Mwanamfalme mmoja alipouawa na lawama ikamwangukia Jawahar, wanajeshi walimmaliza Septemba 1845 dadake akiona kwa macho yake. Jind alilia, akapanguza machozi, akarudi kazini. Hakuwa na mahali pengine pa kuenda.

MECHI ILIYOUZWA

Desemba 1845 vita vikaanza kati ya jeshi la Punjab na Kampuni ya East India, ile kampuni ya Waingereza iliyokuwa na jeshi lake. Wanahistoria mpaka leo wanabishana kuhusu Jind alitaka nini hasa: kumtoa Mzungu, ama kulipunguza nguvu jeshi lililomuua nduguye.

Ile haina ubishi sana ni kwamba wakubwa wa jeshi lake wenyewe, Lal Singh na Tej Singh, waliuza mechi. Walikuwa wanawasiliana na Waingereza chini ya maji. Wanajeshi wa kawaida walipigana kama simba, hata pale Ferozeshah Waingereza wakaona kifo. Lakini tarehe 10 Februari 1846, kule Sobraon, wakamalizwa wakiwa wamebanwa na mto.

Mkataba ukaandikwa. Ardhi ikaenda, faini ikawekwa, Kashmir ikauzwa kwa Gulab Singh. Na Desemba mwaka huo huo mkataba mwingine ukaandikwa, na shabaha yake ilikuwa mtu mmoja. Jind aliondolewa kabisa kwenye uongozi, akapangiwa rupia 150,000 kwa mwaka anyamaze. Mzungu anayeitwa Henry Lawrence ndiye akawa mdosi wa Lahore.

Cheki hapo vizuri. Wale waliouza jeshi walipewa vyeo. Mama wa mfalme ndiye aliambiwa aende nyumbani.

KUMVUNJA MAMA, MNYANG'ANYE MTOI

Agosti 1847 kulikuwa na sherehe ya kumpandisha Tej Singh cheo. Kazi ya Duleep ilikuwa kumpaka alama ya heshima kwenye paji la uso. Kijana, hata miaka 9 hajatimiza, akakunja mikono akakataa mbele ya watu wote. Waingereza hawakuuliza nani alimfunza.

Jind akafungiwa, kisha akapelekwa ngome ya Sheikhupura. Pesa zake zikakatwa hadi rupia 48,000. Mtoto akabaki Lahore. Mathe akaandika barua kwa Lawrence, akilalamika kwamba wamemtenga na mwanawe bila kesi na bila kosa kuthibitishwa. Hazikubadilisha kitu.

Kisha wakaanza kumchafulia jina. Kwa ripoti na magazeti walimchora kama mwanamke malaya, mlevi, mchawi wa siasa. Hao mawaziri wanaume waliokuwa wakila njama na kuuana ovyo hawakuulizwa wanalala na nani. Hiyo mbinu unaijua, bado iko: dem akiwa na mamlaka, hawajibu hoja yake, wanaanza na mwili wake.

Mwaka wa 1848 wakamtoa Punjab kabisa, wakampeleka Benares, vito vyake vikachukuliwa, halafu akatupwa ngome ya Chunar kando ya mto Ganges. Machi 1849 Punjab ikamezwa rasmi na Waingereza. Duleep akavuliwa ufalme akiwa na miaka 10, na ile almasi ya Koh-i-Noor ikaenda kwa Malkia Victoria.

KUHEPA KWA NGUO ZA KIJAKAZI

Walidhani mama amekwisha. Aprili 1849, wiki chache tu baada ya kupoteza nchi, Jind alivaa nguo za kijakazi na akapita mbele ya walinzi wa Chunar. Aliacha barua ya kuwacheka. Kisha akachapa safari ndefu mpaka Nepal, akatokea Kathmandu mwisho wa mwezi huo huo.

Nepal walimpa nyumba na pesa kidogo, lakini masharti yalikuwa magumu na Mwingereza alikuwa anamchunga. Akaishi huko miaka 11. Macho yakaanza kuzima.

Upande ule mwingine, mtoto wake alilelewa na Wazungu, akakata nywele ambazo Sikh hakati, akabatizwa Mkristo mwaka wa 1853, na mwaka uliofuata akapelekwa Uingereza. Huko akawa kipenzi cha ikulu ya Victoria.

Wakakutana Januari 1861, hotelini Calcutta. Walikuwa hawajaonana miaka 13. Jind alikuwa na miaka 43 na karibu haoni. Wanajeshi wa Kisikh waliokuwa wanarudi kutoka vita vya Uchina waliposikia Maharani na mwanawe wako mjini, walijaa nje ya hoteli wakishangilia kwa nguvu. Waingereza waliingiwa na baridi, wakataka hao wawili waondoke India haraka.

Duleep akamchukua mathe wakaenda Uingereza. Miaka miwili tu walipewa. Ndani ya hiyo miaka miwili alimweleza kijana alikuwa nani, nchi yake ilikuwa nini, na mali gani ilichukuliwa. Tarehe 1 Agosti 1863 Jind Kaur akafariki Kensington, London, akiwa na miaka 46.

Hata maiti yake ilinyimwa njia. Kuchoma mwili hakukuruhusiwa Uingereza, kwa hiyo ulihifadhiwa makaburi ya Kensal Green. Mwaka uliofuata Duleep aliupeleka India, lakini akakatazwa kuufikisha Punjab. Akamchoma mamake Nasik, kando ya mto Godavari. Ni mwaka wa 1924 ndipo mjukuu wake, Bamba, aliyapeleka majivu Lahore, kando ya Ranjit Singh.

MBEGU HAIKUOZA

Maneno ya mama yalibaki kwa kijana. Mwaka wa 1886 Duleep alijaribu kurudi India, akakamatwa Aden, na hapo hapo akarudi kwa Usikh.

Na kuna mjukuu mwingine, Sophia, ambaye hakuwahi kuonana na nyanyake. Huyu aliishi nyumba aliyopewa na Malkia, lakini tarehe 18 Novemba 1910 alikuwa mstari wa mbele London na wanawake waliotaka kupiga kura, siku ambayo polisi waliwachapa vibaya sana. Alikataa kulipa kodi mpaka apewe kura, vito vyake vikachukuliwa na kupigwa mnada. Mwaka wa 1928 wanawake wa Uingereza walipata kura sawa na wanaume, na Sophia alikuwa hai kuona.

Leo hii mambo ya fundisho na maisha bado yanavutana. Mwaka wa 1999 Jagir Kaur akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kamati inayosimamia mahekalu ya Masikh Punjab. Lakini wanawake wamepigania kwa miaka mingi nafasi ya kuimba nyimbo za ibada ndani kabisa ya Hekalu la Dhahabu, Amritsar. Na sensa ya India ya 2011 ilionyesha kwamba jimbo la Punjab lilikuwa na wasichana 846 tu kwa kila wavulana 1,000 wa chini ya miaka 7, wakati dini inakataza kabisa kuua mtoto wa kike.

Kwa hiyo siku nyingine ukipewa chapo Makindu, kumbuka hilo fundisho limebebwa na watu, na wengine walibebeshwa mzigo mzito kuliko wengine. Jind Kaur alipokonywa kiti, doo, jina, nchi na mtoto. Mtoto akamrudia. Hayo mengine historia inamrudishia mos mos.