Mwalimu Nyerere, Msomaji wa Vitabu



Barua imenifikia huku chuoni, ng'ambo, kutoka kwa kijana mmoja wa Malinyi, katika bonde la mto Kilombero. Aeleza kwamba analo sanduku la vitabu alivyovikusanya kwa miaka mingi: vya dini mbalimbali, vya historia na vya hadithi. Tangu alipoipokea imani yetu, baadhi ya watu humshauri avichome, kwani aliyekwisha kuipata kweli hana haja tena na maneno ya wengine. Basi auliza, afanye nini?

Swali hili si dogo. Sanduku lile likichomwa, huenda ikateketea pamoja nalo ile tabia ya kutafuta, ambayo ndiyo iliyomleta kwetu. Kwa hiyo naona vema nimsimulie, yeye na wewe pia, habari za mtu ambaye kila Mtanzania amjua kwa siasa, lakini si wengi wamjuao kwa usomaji wake, yaani Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Hakuwa Mwislamu, alikuwa Mkatoliki mpaka kufa kwake. Lakini nasi tumefundishwa kuiokota hekima popote tuikutapo.

Mwalimu alizaliwa mwezi wa Aprili, mwaka 1922, huko Butiama, katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya Ziwa Viktoria. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi mwenye wake 22, na mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Hakuanza kusoma mapema. Alikuwa na umri wa miaka 12 alipopelekwa katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Lakini baada ya hapo alikwenda mbio: mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora, na mwaka 1943 Chuo cha Makerere, Uganda.

Makerere ndiko alikokutana na kitabu kilichomgusa sana. Kilitungwa na mwanafalsafa wa Uingereza, John Stuart Mill, kikachapwa mwaka 1869, nacho chapinga desturi ya kuwaweka wanawake chini ya amri ya wanaume. Zingatia, ndugu msomaji, jinsi kijana yule alivyokisoma. Wengi wangalikikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakakisahau. Yeye alikichukua kwa fikira zake akakipeleka Butiama, akawakumbuka mama yake na wake wenzake, na kazi nzito waliyoifanya tangu alfajiri hadi usiku. Ndipo akaandika insha juu ya hali ya wanawake wa Kizanaki, akitumia hoja za Mill, na insha hiyo ikapata tuzo katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki. Kitabu cha mgeni kilikuwa kwake kama taa ya kuazima: aliiwasha apate kuiona nyumba ya kwao.

Baada ya kufundisha Tabora alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, tangu mwaka 1949 hadi 1952, akasoma historia, uchumi, falsafa na mengineyo. Aliporudi alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1954 chama cha TANU kikaundwa naye akiwa rais wake, na mwaka uliofuata aliiacha kazi ya shule kwa ajili ya siasa. Jina la Mwalimu, hata hivyo, halikumwacha.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961. Mtu angedhani kwamba kiongozi wa dola changa, mwenye shughuli zisizokwisha, hana nafasi ya vitabu. Lakini mwaka 1963, akiwa Rais, ilichapwa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari wa Roma. Watu wengi wa siku zile walidhani kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni na bandarini tu, isiyoweza kubeba fikira nzito. Naye aliwajibu kwa kazi. Wala hakuridhika na kazi hiyo. Aliipitia tena, akasahihisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ilitoka na tafsiri ya mchezo mwingine, Mabepari wa Venisi. Katika Kiingereza jina lake lamtaja mfanyabiashara tu. Neno mabepari ni uamuzi wake yeye, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Waweza kukubaliana naye au kumpinga, lakini huwezi kusema kwamba alisoma akisinzia.

Yafaa hapa kumkumbuka Sheikh Kaluta Amri Abedi wetu, aliyekuwa Waziri wa Sheria katika serikali ya Mwalimu mwaka 1963, ambaye pia alishiriki katika tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili iliyotolewa Nairobi mwaka 1953. Imani zao zilikuwa mbalimbali. Lakini wote wawili waliona kwamba msomaji anayo deni kwa wale wasioifahamu lugha ya kitabu alichokisoma.

Hata hivyo, mpenzi huyu wa vitabu hakuviabudu. Katika andiko lake la Machi 1967, Elimu ya Kujitegemea, alilalamika kwamba shule zawafanya vijana kudhani kuwa elimu yote yenye thamani yatoka vitabuni au kwa waliosoma, hata wakayadharau maarifa ya wazee wao. Hapo, ndugu yangu wa Malinyi, mfikirie mzee wa kijijini kwako asiyejua herufi hata moja, lakini ajuaye ni lini maji ya Kilombero yatapanda, na ni mbegu gani ya mpunga ifaayo mbuga ipi. Usomaji unaokufanya umdharau mzee huyo umekupunguzia elimu.

Wala hakutaka neema ya kusoma iwe ya wachache. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwaka huohuo Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam, na mwaka 1970 Mwalimu aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakulima na akina mama wakakaa madarasani jioni, baada ya kazi za shamba. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma hawakufika 10 katika kila 100.

Alipostaafu urais mwaka 1985 alirudi Butiama, kwenye shamba lake na vitabu vyake. Huko alizitia Injili katika tenzi za Kiswahili, zikachapwa mwaka 1996, miaka mitatu kabla hajafariki London, Oktoba 14, 1999. Sisi hatuafikiani naye katika itikadi ile. Lakini tazama jinsi mzee wa miaka 70 na zaidi alivyokuwa bado na kalamu mkononi, akiwatafutia watu wake njia ya kusoma alichokiamini.

Basi, ndugu yangu wa Malinyi, jibu langu ni hili. Usivichome vitabu vyako. Neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, lilikuwa amri ya kusoma. Na imani iliyo kweli haiogopi kurasa. Visome kwa kupima, ukiuliza kila kimoja chasema nini juu ya nyumba yako na watu wako. Kilicho chema ndani yake uwasomee wasiojua kusoma, jioni, kwa maneno wanayoyafahamu. Na hao wanaokushauri uwashe moto, waalike waje wakae nawe, mfungue sanduku pamoja.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.