Mwalimu Enoch Sontonga na Wimbo Wetu Sote

Kila asubuhi watoto wa shule hapa Mapinga husimama mstarini wakaimba Mungu Ibariki Afrika. Wimbo huu twaujua sote, wazee kwa vijana. Lakini tukiulizana ni nani aliyeutunga, wengi wetu hunyamaza. Basi tumeona vema tumkumbuke mtu huyo, maana alikuwa Mkristo mwenzetu, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya.

Jina lake ni Enoch Mankayi Sontonga, Mxhosa wa Afrika ya Kusini. Alizaliwa karibu na mwaka 1873 huko Uitenhage, akasomea ualimu katika chuo cha misheni cha Lovedale, kisha akafundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Pamoja na kazi hiyo alikuwa mpiga picha. Siku zile migodi ya dhahabu ilikuwa imekusanya watu wengi Johannesburg, na Waafrika waliishi kwa taabu. Nyimbo alizowatungia wanafunzi wake aliziandika katika daftari, na nyingi zilikuwa za huzuni.

Mwaka 1897 alitunga ubeti mmoja na kiitikio. Ilikuwa ni sala: Mungu aibariki Afrika na asikie maombi ya watu wake, naye Roho Mtakatifu awashukie. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani mara ya kwanza, siku Mchungaji Boweni alipowekewa mikono. Hapo ulikuwa wimbo wa ibada tu. Sontonga hakuishi kuona ulivyoenea. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa bado kijana, akamwacha mkewe Diana na mtoto mmoja wa kiume.

Tangu hapo kila watu waliusikia kwa masikio yao. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, na mwaka 1925 chama hicho kikaufanya wimbo wake. Mshairi Mqhayi akauongezea beti saba. Kwa waliopigania haki ukawa wimbo wa kutokata tamaa, wakauimba mikutanoni na makaburini. Lakini ajabu ni hii: hata Transkei, eneo lililotengwa kwa mpango wa serikali ya ubaguzi, liliufanya wimbo wake wa taifa. Aliyefungwa kwa kuupinga mpango ule na aliyetawala kwa mpango ule ule, wote walisimama wima kwa sauti moja.

Kwetu Tanganyika ukawa wimbo wa taifa tulipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, kwa maneno ya Kiswahili. Katika maneno yetu Roho Mtakatifu hatajwi, hutajwa Mungu tu. Basi hapa pwani Mwislamu na Mkristo huuimba bega kwa bega, wala hakuna anayeona ameazima wimbo wa mwenzake. Mzee husikia humo siku ya uhuru. Mtoto husikia amri ya kutulia mstarini. Mwingine husali kimoyomoyo.

Kisha wakaja ndugu zetu wakimbizi wa Afrika ya Kusini, ambao mwaka 1978 ANC iliwafungulia shule huko Mazimbu, Morogoro. Wao walikuwa na wimbo ule ule kwa lugha zao. Sisi tulipousikia tulishukuru kwa uhuru tulioupata; wao waliomba uhuru ambao walikuwa hawajaupata.

Je, ni nani aliyeusikia sawasawa? Sisi twaona kwamba Sontonga aliacha mlango wazi, kwa kuwa hakutaja kabila wala chama. Aliiombea Afrika nzima. Kwa hiyo kila aliaye aweza kuingia humo na kilio chake. Hata hivyo Transkei yatufundisha kitu. Kuomba baraka si sawa na kubarikiwa, na kinywa chaweza kuimba vizuri huku mikono ikimdhulumu jirani. Maana ya wimbo huu haimo katika maneno peke yake, imo pia katika maisha ya mwimbaji.

Kaburi la mwalimu huyu lilisahaulika kwa miaka mingi, hata watu wakawa hawajui amelala wapi. Lilipopatikana, Rais Nelson Mandela alizindua ukumbusho hapo tarehe 24 Septemba 1996. Mwaka uliofuata wimbo wake ukaunganishwa katika wimbo mmoja wa taifa wa nchi ile.

Basi siku tutakapowasikia tena watoto wetu wakiimba, tusimame, na kila mmoja ajiulize anaomba nini. Naye mwalimu Enoch, Bwana ampe raha ya milele.