Alan Blumlein, fundi aliyechelewa kujua kusoma

Ukivaa hedfoni zako usiku hosteli, mwenzako kalala, ngoma inapigia kushoto, gitaa linajibu kulia na mwimbaji yuko katikati kabisa ya kichwa chako, ujue kitu hicho kina mwenyewe. Ni Mwingereza mmoja, Alan Dower Blumlein. Mimi sikumjua kwa njia ya muziki. Jamaa yangu wa uhandisi alikuwa anajenga amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka wekundu ndani ya redio za mababu zetu, na kila nikimuuliza sehemu fulani ya mchoro ni wazo la nani, mara nyingi jibu lilikuwa jina hilo hilo. Mimi ni mtu wa ualimu, sina la kufanya na valvu, lakini nikaanza kumfuatilia.

Alizaliwa London tarehe 29 Juni 1903. Baba yake alikuwa mhandisi mzaliwa wa Ujerumani, mama yake binti wa mmishonari Mskoti aliyetumika Afrika Kusini. Akiwa na miaka saba alitengeneza kengele ya mlango wa nyumbani kwao, kisha akamwandikia baba yake ankara ya kazi ile na kutia sahihi kama fundi umeme. Kumbe mtoto huyo huyo, kwa kumbukumbu za dada yake, alifika karibu miaka 12 bado kusoma kunamsumbua. Hesabu zilikuwa zinakwenda, kusoma hakuendi.

Hapo ndipo niliposimama. Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha nilikuwa na kijana wa kidato cha kwanza ambaye ukimpa aya asome anatokwa jasho. Redio ya mwalimu wa zamu ilipokufa yeye ndiye aliyeifungua kwa kisu na ikaimba. Kwenye fomu yake ya maendeleo mimi niliandika neno moja tu: dhaifu. Fomu haikuwa na sehemu ya redio, na mimi sikuitafuta.

Tuendelee na Blumlein. Alimaliza shahada ya uhandisi kwa daraja la kwanza, na mwaka 1924 akaajiriwa kwenye kampuni ya simu. Kazi yake ilikuwa kuzuia mazungumzo ya laini moja yasivuje kwenye laini ya jirani, tatizo lililosumbua sana simu za masafa marefu. Mwaka 1929 akahamia kampuni ya santuri ya Columbia, ambayo mwaka 1931 iliungana na nyingine ikawa EMI. Pale aliachiwa kufikiri, na hakulaza damu. Hadi anakufa alikuwa na hataza 128.

Ile ya sauti ya kushoto na kulia ilianzia sinema. Mwaka 1931 alikwenda kutazama filamu na mchumba wake Doreen. Sinema zilikuwa zimeanza kusema miaka michache tu nyuma, na sauti yote ilitoka kwenye spika moja. Mwigizaji anatembea upande huu wa pazia, sauti yake inatoka kule. Watu wengine walicheka wakaenda zao. Yeye alimwambia Doreen kwamba amepata njia ya kuifanya sauti imfuate mtu, na Desemba mwaka huo akawasilisha maombi ya hataza. Ndani yake alieleza maikrofoni mbili ziwekweje, na hata jinsi ya kuchonga njia mbili za sauti kwenye mfereo mmoja wa santuri. Januari 1934 walirekodi kwa mtindo huo pale Abbey Road, okestra ikipiga Mozart chini ya Thomas Beecham. Kibiashara hakuna aliyeitaka. Bosi zake wakamhamishia kwenye televisheni, naye akawa miongoni mwa waliojenga mfumo wa mistari 405 ambao BBC ilianza kuurusha Novemba 1936.

Sasa amplifaya. Umewahi kuona wapasua mbao wenye msumeno wa watu wawili? Mmoja anavuta, mwenzake anafuata, wanapokezana. Amplifaya ya sukuma-vuta iko hivyo. Valvu mbili zinapokezana wimbi la sauti, na transfoma inaunganisha kazi yao kuipeleka kwenye spika. Uzuri wake ni kwamba sehemu kubwa ya kasoro zinazofanana kwenye valvu zote mbili zinafutana ndani ya transfoma. Lakini lazima kwanza sauti igawanywe mara mbili, nusu moja iwe kinyume cha nyingine, na njia moja nzuri ya kugawanya ni jozi ya valvu aliyoiombea hataza Blumlein mwaka 1936. Mwaka uliofuata akaja na wazo la kuchukua waya kutoka katikati ya njia ya transfoma na kuurudisha kwenye gridi ya pili ya valvu, ili sauti itoke safi bila kupoteza nguvu nyingi. Wazo lilikaa kimya hadi mwaka 1951, Wamarekani wawili, Hafler na Keroes, walipolieneza kwa mafundi.

Ya jamaa yangu ilipowashwa mara ya kwanza ilipiga yowe, hosteli nzima ikaamka. Akabadilisha valvu, akabadilisha kapasita, usiku wa tatu bado yowe (na humo ndani kuna zaidi ya volti 300, kwa hiyo anafanya kazi mkono mmoja ukiwa mfukoni). Mwisho akagundua waya mbili za transfoma zimepishana. Ile sehemu ya sauti inayorudishwa nyuma ili ipunguze makosa ilikuwa inayaongeza. Akazigeuza. Kimya. Waya mbili tu, bwana.

Vita vilipoanza Blumlein aliingizwa kwenye rada. Mradi uliitwa H2S, chombo cha kumwonyesha rubani ardhi iliyo chini yake hata usiku, hata juu ya mawingu. Yeye hakuwa mtu wa kungoja ripoti ofisini, alitaka kuona mwenyewe chombo kinavyofanya kazi hewani. Tarehe 7 Juni 1942 alipanda ndege ya Halifax pamoja na wenzake. Injini moja ya kulia ikashika moto, ndege ikaanguka karibu na kijiji cha Welsh Bicknor, na watu wote 11 wakafa. Uchunguzi ulikuta kwamba nati moja kwenye valvu ya injini haikukazwa sawasawa ilipofanyiwa ukaguzi. Alikuwa na miaka 38, ana watoto wawili wa kiume.

Kwa kuwa rada ilikuwa siri ya vita, kifo chake hakikutangazwa wakati ule. Mwaka uliofuata H2S ilikuwa tayari kwenye ndege za kivita. Santuri za njia mbili zilianza kuuzwa madukani mwaka 1958.

Mimi nimeandikia ile shule barua kuhusu yule kijana. Sijajibiwa bado.