Forssmann, jamaa aliyeingia moyoni mwake

Zamani uvimbe ukiota ndani ya moyo, madaktari wengi walikuja kuuona maiti ikipasuliwa. Werner Forssmann, daktari kijana wa Eberswalde, Ujerumani, alitaka kufika humo mtu akiwa hai. Bosi wake akakataa. Basi mwaka wa 1929 akamzuga nesi Gerda Ditzen, aliyeshika vifaa. Akamfunga mezani kana kwamba atamfanyia yeye, kumbe anachanja mkono wake mwenyewe! Akasukuma mpira wa mkojo mshipani, sentimita 65, akashuka ngazi hadi kwenye eksirei. Picha ikaonyesha ncha iko moyoni.

Baadaye akajidunga hata dawa ya kung'arisha picha. Wakubwa wa Charité, Berlin, wakamtimua, akaishia kutibu njia ya mkojo. Lakini tusimpambe sana, alijiunga pia na chama cha Nazi.

Mpira wake uliendelezwa New York na Cournand na Richards. Kufikia 1952, picha za dawa ziliwaonyesha madaktari miksoma, uvimbe adimu wa moyo, mgonjwa akiwa bado anapumua. Mwaka wa 1956 watatu hao waligawana Nobel. Forssmann wakati huo alikuwa daktari tu wa mji mdogo, Bad Kreuznach.