MAISHA YA BWANA NILS BOHLIN NA MKANDA WA MOTOKAA

Wengi wetu twayajua majina ya watu waliounda motokaa, lakini jina la yule aliyetuwezesha kupanda ndani yake bila kufa ovyo ni wachache walijuao. Huyo ni Bwana Nils Bohlin, nami naona anastahili nafasi katika gazeti letu.

Alizaliwa tarehe 17 Julai 1920 katika mji wa Härnösand, nchi ya Uswidi. Alijifunza uinjinia wa mitambo, na mwaka 1942 akaingia kazini katika kampuni ya eropleni ya Saab. Huko alitengeneza viti vya ajabu: rubani akiona ndege yake yaanguka, kiti hurushwa nje pamoja naye. Kwa kazi hiyo alijua sana jinsi mwili wa binadamu unavyoumia ukishtuliwa kwa nguvu.

Mwaka 1958 kampuni ya motokaa ya Volvo ilimwajiri ashughulikie usalama. Mikanda ilikuwako siku hizo, lakini mingi ilipita tumboni tu, na bizimu ilikaa juu ya tumbo. Sisi wa kidato cha nne tumesoma kanuni ya Newton: gari husimama, abiria huendelea na mwendo ule ule. Basi gari likigonga, kichwa na kifua vyaenda mbele, na mkanda wenyewe huweza kumwumiza mtu matumbo. Bwana Bohlin alijua kwamba marubani huvumilia kufungwa kila upande, bali mwenye motokaa hataki taabu hata dakika moja. Ilimpasa kupata mkanda wenye nguvu, tena mwepesi kufungwa kwa mkono mmoja. Kwa muda wa kama mwaka aliupata: utepe upitao kifuani na juu ya mifupa ya nyonga, ukashikwa mahali patatu, bizimu ikawekwa kando ya nyonga. Mwezi wa Agosti 1959 motokaa ya kwanza yenye mkanda huo ilitolewa huko Uswidi.

Linalonifurahisha zaidi ni hili: Volvo walikuwa na hati ya uvumbuzi huo, wangeweza kuwatoza wengine fedha nyingi, lakini waliwaruhusu wenye viwanda wote kuutumia bure.

Hata hivyo wengi waliudharau. Mwaka 1967 ikatangazwa ripoti juu ya ajali za magari zaidi ya 28,000 ya Uswidi. Wasiojifunga walikufa hata katika mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Waliojifunga hakufa hata mmoja katika mwendo ulio chini ya kilomita 96 hivi.

Mkanda huo ulipimwa kwa mtu mzima. Mtoto mdogo humpita shingoni, kwa hiyo huhitaji kiti chake mwenyewe; na kile kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, maana mfuko ukifumka hukipiga kwa nguvu nyingi. Wala mfuko huo haushiki nafasi ya mkanda.

Hapa Kenya, amri iliyoanza Februari 2004 ililazimisha mikanda katika matatu. Lakini kwenye viti vya nyuma mara nyingi utakuta ule wa tumboni tu, (nao ni bora kuliko kukaa bure), tena pengine umesukumwa chini ya kiti na kujaa vumbi.

Bwana Bohlin alistaafu mwaka 1985. Mwaka 2002 jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la Wavumbuzi huko Marekani. Siku ile ile, tarehe 21 Septemba, alifariki dunia kwao Uswidi, umri wake miaka 82.