Louis Vierne, mpiga kinanda asiyeona wa Notre-Dame

Leo ni zamu yenu mnaopiga kinanda kwenye kwaya. Mnaijua ile hali: umekaa juu kwenye roshani, waamini wote wamekupa mgongo, na hakuna anayekukumbuka mpaka siku utakayokosea. Louis Vierne aliishi hivyo miaka 37 katika Kanisa Kuu la Notre-Dame, Paris.

Alizaliwa Poitiers, Ufaransa, tarehe 8 Oktoba 1870, akiwa na mtoto wa jicho. Alifanyiwa upasuaji utotoni, akaanza kuona kidogo: umbo la mtu, herufi kubwa kubwa. Basi, ikaishia hapo. Alisoma Paris katika shule ya taifa ya vijana wasioona. Akiwa bado mtoto alimsikia César Franck akipiga kinanda katika kanisa la Sainte-Clotilde (ndiyo, huyo huyo wa Panis Angelicus), na hakutaka tena kitu kingine. Franck alifariki 1890, Vierne akaendelea kujifunza kwa Charles-Marie Widor. Mwaka 1900 akashinda mashindano ya nafasi ya Notre-Dame.

Kinanda chenyewe si mchezo. Kilikamilishwa na fundi Aristide Cavaillé-Coll mwaka 1868: maelfu ya mabomba, safu tano za vibonye vya mikono, na chini yake pedali za miguu. Sasa hebu fikiria: mwaka 1906 Vierne alianguka mtaani Paris, akavunjika mguu vibaya. Kwa mpiga kinanda, mguu ni nusu ya kazi. Alipopona ilibidi ajifunze upya kupiga pedali.

Na huo ulikuwa mwanzo tu. Ndoa yake ilivunjika 1909. Mwanawe André alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1913, akiwa na miaka kumi. Mwaka 1916 glakoma ikatishia kumaliza hata ule mwanga mdogo aliobaki nao, akaenda kutibiwa Uswisi, akakaa huko mpaka 1920. Akiwa huko huko, akampoteza mtoto wake mwingine, Jacques, aliyekufa akiwa askari mwaka 1917. Mwaka uliofuata mdogo wake René, naye mpiga kinanda, akauawa vitani.

Kwa Jacques aliandika muziki wa piano na ala nne za nyuzi. Usitegemee kufarijiwa humo. Mimi nasikia baba anayelia na kukasirika, wala hajifanyi kwamba ameshapoa. Nashukuru kwamba hakuupaka sukari. Kuna sala za namna hiyo pia.

Aliporudi Paris, kinanda cha Notre-Dame kilikuwa kimechoka. Mwaka 1927, na macho yale yale, akavuka bahari kwenda Marekani, akapiga mji baada ya mji akitafuta fedha za kukitengeneza. Jumla aliacha simfonia sita za kinanda. Alitunga kwa penseli nene kwenye karatasi kubwa, na baadaye kwa nukta nundu.

Jioni ya tarehe 2 Juni 1937 alikuwa na onyesho lake la 1,750. Kando yake alikaa mwanafunzi wake, Maurice Duruflé. Vierne alipiga moja ya kazi zake, ambayo sehemu yake ya tatu ni kumbukumbu ya mtoto aliyefariki. Kisha akapewa wimbo wa kuutungia muziki papo hapo, umeandikwa kwa nukta nundu: Alma Redemptoris Mater, antifona ya Mama Maria. Akaupapasa kwa vidole, akachagua sauti, halafu ghafla akaanguka. Mguu wake uligonga pedali ya noti ya chini, ikalia peke yake kanisa zima. Kwa muda mrefu alikuwa ametamani afie pale pale kwenye kinanda chake.

Ukiwa na bando, anza na Kyrie ya Messe solennelle yake. Weka sauti juu. Ule wa Jacques usiusikilize usiku ukiwa peke yako.