Persoon: Yatima wa Rasi aliyeipa kutu ya ngano jina

MKULIMA wa ngano wa Njoro, Narok au Timau akiona madoa ya rangi ya kutu yakipasua ngozi ya shina la zao lake, hahitaji kujua Kilatini ili atambue kwamba hasara imebisha hodi. Kwake hiyo ni kutu, basi. Lakini sampuli ya shina hilo ikifika mezani pa mtafiti, awe Njoro, India au Marekani, ugonjwa huo huwa na jina moja tu: Puccinia graminis. Na baada ya maneno hayo mawili, kwenye majarida ya kitaalamu, huandikwa herufi nne na nukta: Pers.

Nakiri kwamba katika miaka yangu ya kuhariri makala za kilimo nimezifuta herufi hizo mara nyingi, nikidhani ni kosa la chapa. Kumbe nilikuwa nikimfuta mtu.

Mtu huyo ni Christiaan Hendrik Persoon, na ni mzaliwa wa bara hili. Alizaliwa mwaka wa 1761 katika Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika, wakati ambapo eneo hilo lilikuwa chini ya kampuni ya Kiholanzi iliyofanya biashara na nchi za Mashariki. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Pomerania, kwenye pwani ya bahari ya Baltiki, na mama yake alikuwa wa asili ya Kiholanzi. Mama alifariki muda mfupi tu baada ya kumzaa. Kijana alipotimu umri wa miaka 13 hivi, baba yake alimpakia melini kwenda Ulaya kutafuta elimu. Mwaka mmoja baadaye baba naye akaaga dunia. Persoon hakuiona tena nchi aliyozaliwa.

Ulaya alianza na theolojia katika mji wa Halle, Ujerumani. Haikumkaa moyoni. Akahamia masomo ya udaktari, kwanza Leiden nchini Uholanzi, kisha Göttingen nchini Ujerumani. Udaktari wa zama hizo ulikuwa jirani wa karibu wa botania, maadamu dawa nyingi zilitokana na mimea, na ni kwa njia hiyo aliingia katika elimu ambayo wenzake wengi waliikwepa. Wenzake walifuata maua. Yeye alifuata uyoga, kutu, koga na ukungu.

Kuikwepa elimu hiyo kulikuwa na sababu. Carl Linnaeus, Mswidi aliyeuzoesha ulimwengu kukiita kila kiumbe kwa majina mawili ya Kilatini, alipochapisha orodha yake kuu ya mimea mwaka wa 1753 alizitengea kuvu zote za dunia jenasi kumi tu. Uyoga wote wenye vijikunjo mfano wa kurasa chini ya kofia yake uliitwa Agaricus. Ule wenye vitundu badala ya vijikunjo aliuita Boletus. Mwaka wa 1767 alifika hadi ya kuweka jenasi iitwayo Chaos, yaani vurugu, na ndani yake akaingiza kiumbe alichokihusisha na kuvu. Wasomi wengine wa karne hiyo waliamini kwamba uyoga hauna mbegu wala ukoo, huzuka tu kutokana na uozo. Sasa kitu kisicho na ukoo utakipangaje?

Persoon alikataa kukata tamaa. Kuanzia mwaka wa 1794 alichapisha makala na vitabu mfululizo, na mwaka wa 1801 akatoa kule Göttingen kitabu chake kikuu, Synopsis Methodica Fungorum. Mpango wake ulikuwa rahisi kueleza, ijapokuwa kuutimiza kulidai macho ya mwewe. Alitaka kwanza kujua mbegu za kuvu, yaani spora, zinazaliwa wapi. Je, zimefichwa ndani ya mwili kama zilivyo katika ule uyoga wa mviringo ambao watoto huukanyaga ukatoa moshi? Au zimeanikwa nje, juu ya tabaka lililo wazi? Kwa swali hilo aligawa kuvu zote mafungu mawili makubwa, kisha akaendelea kuyapasua hadi akafikia makumi ya jenasi.

Baadhi ya majina hayo ni masuala ya uhai na mauti. Amanita, mathalan, ni jenasi aliyoipambanua na ile halaiki ya Agaricus. Humo mna uyoga unaoua watu wengi zaidi duniani kuliko mwingine wowote, na mna pia unaoliwa na kusifiwa. Persoon mwenyewe hakudharau chungu. Mwaka wa 1818 alichapisha kwa Kifaransa kitabu kizima kuhusu uyoga wa kula.

Majina mengine hutajwa kila siku hapa petu bila mtu kujua yalikotoka. Wakuzaji wa waridi kandokando ya Ziwa Naivasha wanaufahamu vyema ukungu wa kijivu unaooza chipukizi na kuharibu shehena kabla haijafika mnadani Uholanzi. Huo ni Botrytis cinerea, nao pia huandikwa Pers. Trichoderma, ile kuvu ya kijani ambayo siku hizi hutiwa udongoni ili ipambane na kuvu nyingine, ni jina lake vilevile.

Hata hivyo hadithi ya kutu ya ngano ndiyo inayoonyesha ukubwa wa mtu huyu na mpaka wa uwezo wake. Jina Puccinia graminis alilitoa mwaka wa 1794 kwa ile mistari myeusi inayotokea shinani msimu unapokwisha. Vumbi jekundu linaloonekana mapema kwenye ngano hiyohiyo aliliandika kwa jina jingine, Uredo linearis. Na yale madoa ya rangi ya chungwa yanayochipuka kwenye majani ya kichaka chenye miiba kiitwacho Berberis, yaliingia katika kitabu chake kama Aecidium berberidis. Majina matatu katika jenasi tatu, ilhali kiumbe ni kimoja.

Tusimlaumu upesi. Kuvu hiyo hubadili umbo kadiri msimu unavyobadilika, na huhama kutoka mmea mmoja hadi mwingine ambao hauna udugu wowote na ule wa kwanza. Aliyekuwa akikagua sampuli kavu mezani hangeweza kuona safari hiyo. Cha ajabu ni kwamba wakulima walikuwa wameshaishuku. Huko Connecticut, Amerika Kaskazini, sheria ya kuruhusu vichaka vya Berberis ving'olewe ilipitishwa mwaka wa 1726, miaka mingi kabla Persoon hajazaliwa, kwa kuwa watu waliona ngano iliyo karibu navyo ikiteketea. Wasomi wengi waliyapuuza hayo wakiyaona porojo za mashambani. Ni mwaka wa 1865 ambapo Mjerumani Anton de Bary alipanda spora za ngano kwenye majani ya kichaka hicho na kuthibitisha kwamba mkulima alikuwa amesema kweli. Persoon alikuwa kaburini kwa karibu miaka 30.

Maisha yake binafsi hayakuwa na raha. Mwaka wa 1799 alitunukiwa shahada ya udaktari na chuo cha wanasayansi wa Kijerumani, na miaka michache baadaye akahamia Paris. Kuanzia hapo hadi kufa kwake hakuwa na ajira, hakuwa na mke, wala hakuwa na kiti katika chuo kikuu chochote. Alikodi chumba cha orofa ya juu katika mtaa wa makabwela na kuishi humo kama mtawa, akizungukwa na vifurushi vya kuvu zilizokaushwa. Barua ndizo zilizokuwa dirisha lake. Wanabotania wa pembe zote za Ulaya walimtumia sampuli wakitaka azitaje, naye akazitaja, akazihifadhi na kuwajibu.

Barua hazijazi tumbo. Katika miaka ya 1820, umri ukiwa umekwenda na mfuko ukiwa mtupu, alifikia mapatano na ufalme wa Uholanzi. Yeye angetoa mkusanyiko wake wote, nao ungempa pensheni hadi kufa. Wapo wanaoyataja mapatano hayo kama ukarimu wa mfalme. Mimi nayaona kama biashara ambayo muuzaji hakuwa na nafasi ya kukataa. Alichouza kilikuwa kazi ya maisha yake, na ndicho kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho. Lakini lazima tuwe waadilifu pia: mikusanyiko ya wasomi maskini aghalabu hutawanyika au kuliwa na wadudu wenyewe wakishakufa. Wake ulinusurika.

Wakati huo nyota nyingine ilikuwa imechomoza. Elias Fries, Mswidi aliyezaliwa mwaka uleule wa 1794 ambao kutu ya ngano ilipata jina, alianza mwaka wa 1821 kuchapisha Systema Mycologicum. Fries alikuwa na chuo, nchi na wanafunzi. Persoon alijitahidi kwa kutoa Mycologia Europaea kati ya mwaka wa 1822 na 1828, ila upepo ulikuwa umegeuka. Alifariki Paris Novemba 1836, akiwa na umri wa miaka 75, na akazikwa katika makaburi ya Père Lachaise.

Haki ilimfikia kwa mlango wa sheria. Wanabotania walipokutana Brussels mwaka wa 1910 kuamua majina ya kuvu yaanze kuhesabiwa lini, walikichagua kitabu cha Fries kwa kuvu nyingi, ila kwa kuvu za kutu, za masizi ya nafaka na ule uyoga wa moshi, mwanzo ukawekwa kuwa kitabu cha Persoon cha 1801. Kongamano la Sydney la mwaka wa 1981 liliurudisha mwanzo kwa Linnaeus, 1753, lakini majina yaliyokubaliwa katika vitabu hivyo viwili yakawekewa kinga maalumu inayodumu hadi leo. Kisha mwaka wa 2011, huko Melbourne, ukafutwa utaratibu wa kuvu moja kuwa na majina tofauti kwa maumbo yake tofauti. Katika mizani hiyo Botrytis la Persoon lilishinda jina lililotungwa baadaye kwa umbo jingine la ukungu uleule.

Na kutu yenyewe haijalala. Mwaka wa 1998 iligunduliwa nchini Uganda aina iliyovunja kinga ya ngano nyingi zilizotegemewa duniani, ikabandikwa jina Ug99. Ilivuka hadi Kenya, Ethiopia, Yemen na Iran. Ndiyo sababu maelfu ya mbegu za ngano kutoka nchi mbalimbali yamekuwa yakiletwa Njoro tangu 2005 kupimwa shambani iwapo zitaihimili. Aina za ukoo huohuo zimepatikana pia Afrika Kusini, nchi ambayo Persoon aliiaga akiwa mvulana.

Mkusanyiko wake ungali Leiden, mji aliowahi kusomea udaktari, na jarida la elimu ya kuvu lililoanzishwa huko mwaka wa 1959 linaitwa Persoonia. Wataalamu wanapobishana kuhusu alichokusudia alipolitoa jina fulani, hurejea kwenye vifurushi vile vya chumba cha orofani, wakavifungua na kutazama alichokiweka ndani kwa mkono wake.